Siku Mama Alilaani Mukono wa Espoir

Kama mutacheka, mucheke sasa mumalize, kwa sababu nikifika katikati ya habari hii nitakuwa nimekasirika tena na sitaki kuona meno ya mutu.

Mudogo wangu Espoir anacheza mpira wa Amerika, ule wa umbo la yai, watu wanavaa kaske kichwani kama motari wa pikipiki na wanaangushana kama wanagombania mbuzi. Aliondoka hapa Goma na baba mudogo akiwa bado mutoto, wakaenda Amerika. Kule université yeye ndiye alikuwa murushaji, mukubwa wa uwanja, wengine wote wanangojea ishara yake, na picha yake iko kwetu saloni, pale wageni wanakaa: jezi ya bluu, mukono juu, mpira mukononi. Mama akitoka kijijini Kalengera kututembelea, anaipanguza kwanza na kitenge chake, kisha ndiyo anatusalimia sisi wazima.

Sasa timu ya professional ikamuchukua. Akanitumia mimi, dada yake mukubwa, voisi ndefu kwa telefone (Espoir akianza kusema, unaweza kuivisha maharagi), na mutoto wangu Glodi wakati ule alikuwa amemwaga mafuta ya mawese kwenye kitanda, basi nikasikiliza nusu, "Yaya Solange, Dimanche, siku ya Mungu, wataonyesha mechi yetu," nikakata. Nilichohitaji nilikuwa nimekisikia. Njo kosa lenyewe hilo, wala si lingine.

Nikatangazia kartiye nzima, mutaa wote. Papa Kasereka, mwenye sale ya kuangalia mechi, akafukuza vijana wake wote kwa ajili yetu. Mama akashuka kutoka Kalengera na kuku mukononi. Wamama wa kwaya wakavaa kitenge kimoja. Picha ilikuwa inakatakata, majina ya mugongoni huwezi kusoma, sauti ya Kiingereza tupu, lakini mimi sikuhitaji musaada wa mutu. Nikaona jezi ya bluu, nikaona mwenye kurusha mpira, nikaruka kwenye benchi.

"Huyo! Huyo wa bluu! Njo Espoir!"

Vigelegele mpaka mabati yakalia. Mama akavua kitenge cha juu akakitandaza chini mbele ya televizyo, kama vile mutoto angetoka mule ndani akanyage. Tukaombea huyo kijana, tukamuimbia, mama mumoja wa kwaya akasema ana mabega ya marehemu baba yangu, nami nikakubali (nilikubali!).

Lakini upande wa jezi nyeupe kulikuwa na mutu mumoja mubaya. Alisimama nyuma kabisa, peke yake, kama mutu anangojea gari. Mutu wetu akirusha, huyo anaruka na kunyakua mpira hewani. Tukamuzomea. Kisha akatoka kule nyuma mbio, akamufikia mutu wetu mwenyewe, akamulaza chini, puu! Mama akasimama.

"Wewe jambazi! Mukono uliomuangusha mutoto wangu, ukauke!"

Sale nzima ikamugeukia. Kwetu, neno la mama si muchezo.

"Mama muzee, punguza kidogo," Papa Kasereka akasema.

"Sipunguzi! Ukauke mpaka kwenye bega!"

Wakati ule ule jambazi akainuka akishika mukono, akavua kaske anywe maji, na picha, iliyokatakata tangu mwanzo, ikaamua kusimama wima. Meno yenye mwanya. Kovu juu ya jicho, lile alilopata akianguka kwenye mawe ya volkano nyuma ya nyumba yetu.

"Solange," Mama akasema polepole. "Huyo ni nani?"

"Ni Espoir, Mama."

"Na yule wa bluu?"

"Simujui."

Sauti ikatoka nyuma: "Basi muda huu wote tunaombea mutoto wa nani?" Watu wakaanguka kwa kicheko. Mama hakucheka. Alikaa chini juu ya kitenge chake, akalia, macho kwenye ule mukono ambao munganga wa timu alikuwa anaukandakanda.

Mechi ilipoisha nikamupigia Espoir kwa video. Barafu kwenye mukono, na anacheka!

"Yaya, si nilikueleza? Walinibadilisha jezi na nafasi. Kwa sababu nilikuwa murushaji, najua murushaji anawaza nini, njo wakaniweka nyuma kabisa, mutu wa mwisho, nimungojee. Ulisikiliza voisi mpaka mwisho?"

Mama akaninyang'anya telefone.

"Mutoto wangu, leta mukono karibu."

Na lile jitu lote, professional wa Amerika, likasogeza mukono kwa adabu kama Glodi akioshwa. Mama akachukua kikombe akajaza maji kinywani. Nilifikiri ana kiu. Nilikuwa nimesahau kwamba kinywa kilichotoa laana ndicho kinapashwa kuiosha. Pfuuu! Telefone nzima. "Neno lirudi nilikolitoa. Mukono ukuwe muzima." Kisha akarudia, kwa kuhakikisha. Telefone ikazima, nyeusi kabisa.

"Umeona?" Mama akasema akitabasamu kwa mara ya kwanza. "Imemufikia."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilitaka kulia: picha zote za Glodi akizaliwa, namba za wateja wa biashara yangu, zote mule ndani! Na huwezi kumugombeza mama anayebariki.

Mukono wa Espoir ulipona, anacheza vizuri sana, na Mama anasema ni yeye aliyeuponyesha. Telefone niliilaza kwenye muchele mpaka tukala ule muchele, haikuamuka. Siku hizi voisi za mudogo wangu nasikiliza mpaka mwisho, hata pale anapokohoa tu, na Mama akija kuangalia mechi, kikombe cha maji nashika mimi.