Feni ya Gari Jekundu

"Siku gari langu litakaposhindwa kumfikisha bi harusi na nywele zake kama nilivyozisuka, nitanyoa upara nikae nao mlangoni pa saluni, wateja waone."

Msusi aliyasema hayo kwenye kikao cha kupanga harusi, mbele ya ukoo mzima, kikombe cha chai amekikamata kama kipaza sauti. Shemeji yake, mume wa dada yake na baba wa bi harusi, alikuwa ametoka kutangaza kwamba atampeleka binti yake kwa teksi yake nyeupe. Teksi hiyo dirisha lake moja halipandi.

"Gari lenyewe lina viti viwili na umri wa bibi," shemeji alisema. "Mimi baba mtu nitakaa wapi, kwenye buti?"

"Buti imejaa spea, shemeji. Utatufuata nyuma, uone watu wanavyotupungia."

Gari hilo la michezo, jekundu, fupi kiasi kwamba kulipanda ni kama kuingia kwenye beseni, alilinunua kwa daktari wa meno aliyekuwa amelikatia tamaa. Lilikuwa haliwaki. Majirani walisema kanunua banda la kuku. Msusi akalifungua Jumapili baada ya Jumapili, kwenye ua wa nyuma ya saluni, mpaka likaunguruma, na tangu hapo hakuna fundi aliyewahi kuligusa. Hilo nalo huwaambia wateja, waulize wasiulize.

Wiki ya harusi mvua ikaanza, na baridi ile ya kupenya mifupa. Feni ya hita, iliyokuwa ikilia siku nyingi kama paka aliyekanyagwa mkia, ikanyamaza kabisa. Bila feni, hewa ya moto haifiki kwenye kioo. Kioo kinaingia ukungu, dereva haoni hata boneti yake. Ukifungua madirisha ukungu unaondoka, lakini upepo na mvua vinaingia, na bi harusi anafika ana kiota kichwani.

Habari zilimfikia shemeji haraka kuliko mvua. Akapita saluni na boksi mkononi: mashine ya kunyolea, mpya. Akaiweka mbele ya kioo kikubwa.

"Nimekuletea mapema, shemeji. Usije ukanyolewa na wembe butu."

"Iache hapo hapo," Msusi alisema, vidole vikiendelea kusuka. "Na uoshe teksi yako. Utakuwemo kwenye picha, kule nyuma."

Feni ya aina ile haitengenezwi tena. Alizunguka kwa wauza spea kuukuu mpaka akakuta gari kama lake, limegongwa mbele lakini dashibodi yake haijaguswa. Akaing'oa feni mwenyewe. Ilizunguka vizuri, ila nyaya zake mbili zilikuwa zimepauka mpaka hazitofautiani.

Siku moja kabla ya harusi alifunga saluni, akalala kichwa chini ya dashibodi, miguu kwenye egemeo la kiti. Skrubu ya mwisho ya kisanduku cha hita ilikuwa imejificha nyuma, upande wa injini, jicho lisipofika. Akaitafuta kwa kile kioo cha mkono anachowaonyeshea wateja visogo vyao, na vidole vilivyozoea kugawa nywele vikapita mahali ambapo hata spana ingeomba radhi. Wakati wa kuirudisha aliipaka mafuta mazito ya nywele, ikanata kwenye bisibisi.

Dada yake alimkuta hivyo.

"Mdogo wangu, hiyo ni kazi au mazoezi ya viungo?"

"Kamwambie mumeo mashine yake inashika vumbi."

Akafunga kila kitu, akawasha. Feni ikazunguka bila kulia. Akaweka mkono kwenye tundu la hewa: hakuna kitu. Injini imepata moto, feni inazunguka, upepo haupo. Msusi akajishika misuko yake, ile ambayo tangu usichana hakuwahi kuipunguza hata ncha.

Kisha akachomoa unywele bandia kwenye mfuko wa aproni, akaushika mbele ya tundu. Unywele ukavutwa ndani.

"Inavuta," akasema. "Inavuta badala ya kupuliza. Nimegeuza nyaya."

Skrubu zote tena, kioo cha mkono tena, miguu juu tena, akijitukana majina ambayo dada yake alijifanya hayasikii. Akabadilisha nyaya, akawasha. Safari hii unywele ulinyooka ukampiga puani, na hewa ilikuwa ya moto.

Kesho yake mvua ilimwagika kama imelipwa. Gari jekundu lilipita katikati yake, vioo juu, kioo cha mbele kimetakata.

"Mama mdogo, joto," bi harusi alisema.

"Uso tutaupaka poda. Nywele je?"

"Hazijatikisika."

Mlangoni pa ukumbi baba yake aliteremka kwenye teksi, bega moja limelowa chapachapa. Akamzunguka binti yake taratibu, akitafuta unywele mmoja tu uliokosea njia. Hakuupata.

"Umemleta vizuri," akamwambia Msusi kwa sauti ya chini.

"Sema kwa nguvu, shemeji. Ukoo uko kule."

Akasema kwa nguvu.

Jumatatu saluni ilifunguliwa kama kawaida. Kwenye rafu inayoonekana tangu mlangoni kuna boksi, na kikaratasi juu yake: mashine ya kunyolea, mpya, haijatumika, elfu thelathini.