Maua Yaliyogomesha Video

Watu huniletea video iliyogoma wakiwa wameshakata tamaa, nami huanza kwa kuwatuliza. Huwaambia: kompyuta ikikwama leo hapa na kesho pale, yenyewe ndiyo mgonjwa, imechemka, au imejaa. Lakini ikikwama mahali palepale kila mara, kompyuta ni nzima. Kuna kitu ndani ya video mahali hapo, na kikitafutwa polepole kitapatikana. Maneno hayo nimeyasema mara nyingi katika chumba changu cha kazi mjini Kisii, juu ya duka la mbolea. Nilimwambia hivyo pia mama mmoja wa upande wa Kenyenya, aliyekuja na video ya mazishi ya binti yake.

Alikuja na shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, ambaye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Kijana aliyepiga picha alikuwa amehariri kazi yote, lakini kila alipojaribu kuitoa iwe faili moja ya kutazamwa kwenye simu, ilifika pale jeneza linapotoka uani, programu ikajifunga. Akawapa diski na kusema ameshindwa.

"Kata hapo tu, fundi," shemeji alisema kabla hata hajaketi. "Nyimbo ziko, hotuba ziko. Nani anataka kuona shimo?"

"Binti yangu anataka," mama alijibu.

Binti huyo alikuwa mwingine, mdogo wa yule aliyezikwa. Alikuwa akifanya kazi za nyumbani Arabuni, na mwajiri wake hakumruhusu kuja kumzika dada yake. Angerudi Desemba, mkataba ukiisha. Nyumba ambamo mama alikuwa akiishi aliijenga yeye.

Nikamkaribisha mama karibu na skrini, maana mtu akiona kinachofanyika huacha kuogopa. Nilimweleza kwamba tutatoa nusu ya kwanza peke yake, kisha nusu ya pili. Itakayogoma tutaigawa tena. Aliitikia kwa kichwa kila nilipotulia. Baada ya muda tulikifikia kipande chenyewe. Juu ya jeneza yalikuwa yakidondoka maua ya rangi ya waridi, tabaka juu ya tabaka, mazito kiasi kwamba nyuma ya wabebaji hakukuonekana kitu.

"Tumempata mwizi," nilimwambia. "Kijana wenu ameyamwaga maua kama mtu anayemwaga mbegu za wimbi shambani. Mashine haiwezi kuyahesabu yote pamoja. Hebu niyazime tuone."

Nikayazima. Picha ikapita bila kukwama, na sote watatu tukaona yaliyokuwa chini ya maua. Jeneza lilitoka langoni, likazunguka ua wa michongoma kwa nje, likapelekwa nyuma, kwenye majani ya napia ya kulisha ng'ombe, ambako kaburi lilikuwa limechimbwa.

Kwetu msichana mtu mzima asiye na mume hazikwi ndani ya boma la baba yake. Marehemu alikuwa amerudi kutoka kwa mwanamume ambaye hakuwahi kupeleka hata ng'ombe mmoja wa mahari, kwa hiyo wazee walisema hakuolewa.

Picha ilipokuwa ikipita, shemeji alikuwa ameinua simu yake na kuielekeza kwenye skrini. Nilidhani anajiwekea kumbukumbu.

"Sasa hapo ni safi," alisema. "Acha hivyo."

"Rudisha maua, fundi," mama alisema. "Nilimwomba yule kijana ayaweke. Huyu wa Arabuni aliniapia, mama, wakimtupa dada nje ya ua, mimi kwenu sirudi. Nikamwambia amelala kando ya nyumba, karibu na dirisha langu."

Shemeji alicheka. "Aone! Kwani yeye ana mume? Aone mapema, ajue na kwake ni wapi."

"Shemeji, nakusihi."

"Unanisihi mimi? Sihi mila."

Mila nikawaachia wao, nikarudi kwenye maua. Nilimweleza mama kwamba maharagwe magumu huchemshwa peke yake kwanza, ndipo yanapochanganywa na mahindi. Vivyo hivyo tungechukua kipande hiki na maua yake, tupunguze tabaka chache bila kufunua nyuma, tukitoe kama faili peke yake, kisha tukirudishe kwenye video nzima. Mashine haingejua tena kama kuna maua. Ingeona picha moja tu. "Usiwe na wasiwasi," nilisema. "Hii huwa haikatai."

Haikukataa. Mama alitazama ule mstari ukisogea, mikono imebanwa magotini, na ulipovuka pale pa kukwama alipiga makofi madogo.

"Imepita!"

"Si nilikuambia?"

"Mmechelewa," shemeji alisema. Alikuwa ameshasimama. "Mimi nimetuma ile safi."

"Umemtumia nani?"

"Kundi la familia. Ama huyo wako si familia?" Akavaa kofia yake, akashuka kutafuta chai.

Simu ya mama iliita kabla sijachomoa diski. Ilikuwa simu ya video. Binti alikuwa amesimama jikoni mwa watu, vigae vyeupe nyuma yake, taulo begani. Hakulia.

"Mama, na mimi mtaniweka wapi?"

Sauti ilikuwa wazi kama ya mtu aliye mlangoni. "Halo?" mama alisema. "Halo? Mwanangu, sikusikii." Kisha akanipa simu. "Fundi, mweleze ni mtandao. Wewe unajua kueleza."

Nikaipokea. Nikamweleza kwa sauti ileile ninayotumia na kila mteja: kwamba huku kwetu ni vilima, kwamba mvua ikikaribia sauti hufika nusunusu, kwamba kosa si la simu yake, ajaribu tena jioni. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Asante, fundi," alisema. "Mwambie mama nitaongeza mkataba."

Skrini ikawa nyeusi. Mama alikuwa ameketi bega kwa bega nami.

"Amesema nini?" aliuliza.

Nikamwambia mtandao umekatika.