Felista Nyaruai, Mlezi wa Watoto wa Vibarua

Alizaliwa mwaka 1948, msimu wa palizi, katika kambi ya vibarua wa shamba moja la walowezi nje ya mji wa Kitale. Baba yake, Nderitu, alikuwa mkamuaji wa ng'ombe, na mama yake alichuma pareto. Alibatizwa Felista, lakini jina lililomkaa ni Nyaruai. Hakusoma kupita darasa la nne, kwa kuwa nyumba yenye midomo mingi humwita kifungua mimba kazini mapema. Aliolewa na Waithaka, dereva wa trekta, wakaishi kwa amani kule Ndalu, ingawa hawakujaliwa mtoto. Waithaka alipofariki mwaka 1996, mjane huyu alirudi Kitale, akapanga chumba kimoja katika ploti ya mabati, akawa anafuma sweta za wanafunzi kwa mashine. Kanisani alikuwa mtu wa benchi la nyuma, asiyesikika.

Wito wake ulimjia asubuhi moja ya Machi 2003, wala haukuja kwa ndoto. Alikuwa akianika nguo aliposikia mtoto akilia nyuma ya mlango uliofungwa kwa kufuli. Chumba kile kilikuwa cha Nakhungu, mwanamke wa Sirisia aliyekuwa akichambua mahindi ya mbegu katika ghala moja mjini. Mumewe, Kiplangat, alikuwa askari wa mlango huko Bungoma, na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi tu. Ghalani watoto hawakuruhusiwa, na asiyekwenda ghalani hakupika. Basi binti yao Jeruto, wa miaka miwili, aliachiwa kiporo na maji, mlango ukafungwa. Ploti nzima ilijua na ilinyamaza, maana karibu kila mlango ulikuwa na kufuli lake. Hata Nyaruai alikuwa amekisikia kilio hicho siku nyingi, akawa anaongeza mwendo wa mashine ili asikisikie. Siku hiyo hakuweza. Aliketi vumbini, akamimina uji katika sahani bapa, akaisukuma chini ya mlango, kisha akamwimbia mtoto mpaka jua likaanza kushuka.

Nakhungu aliporudi na kumkuta pale, aliketi vumbini kando ya bibi huyo.

"Shosho, usiniitie chifu," alisema. "Si ati simpendi. Sasa nifanye nini?"

"Kesho mlete kwangu."

"Na nitakulipa nini?"

"Utanipa mtoto asubuhi, nitakupa mtoto jioni. Hayo yametosha."

Habari ikaenea, na makufuli ya ploti ile yakaanza kufunguka. Wauza mboga walileta watoto, wafuaji nguo wakaleta. Zulekha, Mwislamu jirani wa msikiti, aliyezunguka na mitumba katika masoko ya wilaya mbili, alimleta mwanawe Salman, na Nyaruai hakukosa kumtuma madrasa kwa saa yake. Unga ulipopanda bei, aliuza mashine ya kufuma akanunua magunia mawili. Wenzake wa jumuiya ya kanisani walimwonya kwamba amekata mguu wake mwenyewe. Aliwajibu kwamba mguu anao, ila sasa unatembea kwa njia nyingine.

Lakini wema hauna kinga ya ulimi. Mwaka 2005 ulizuka uvumi kuwa mjane asiye na mtoto hawezi kulea wa wengine bure, kwamba anawauza. Mnamo Julai, alasiri ya mvua, Jeruto alitoweka langoni. Waliomsifu jana wakabeba mawe. Polisi walimwokoa Nyaruai kutoka mikononi mwao, kisha wakamweka ndani. Kesho yake mchana Nakhungu alimfuata kwenye seli, macho yamevimba.

"Shosho, niambie ukweli tu. Mtoto wangu ako wapi?"

"Sijui aliko. Nimeomba tangu jana, na mchana huu moyo umetulia. Jeruto amekula, na yuko na mtu anayemjua. Nenda nyumbani, weka maji ya kumwogesha motoni."

Nakhungu alirudi nyumbani, akaweka maji motoni. Yalikuwa hayajachemka Zulekha alipoingia lango la ploti, Jeruto mgongoni, na Kiplangat nyuma yao ameinamisha kichwa. Uvumi ulikuwa umemfikia baba huyu Bungoma. Alikuja mbio, akamkuta binti yake akicheza langoni, akamchukua bila kumwambia mtu ampeleke kwa nyanya yake mlimani. Mvua iliwalaza njiani, na kesho yake Zulekha aliwakuta sokoni Misikhu, akamnunulia mtoto chapati, akamsikiliza baba hadi mwisho.

"Mtu auze watoto na sweta yake iko na viraka?" alimwambia. "Rudi na mimi, bana."

Kiplangat alikwenda kituoni, akaeleza kuwa ndiye aliyemchukua mwanawe. Jioni ile Nyaruai alitoka. Nakhungu alipiga magoti barabarani. Nyaruai akamwinua, akamwuliza, "Ameshaoga?" Wote wawili wakacheka huku wakilia, na watu walioshika mawe wakajitenga mmoja mmoja. Zulekha hushuhudia hadi leo kwamba chapati ile ililiwa adhuhuri, saa ileile moyo wa mfungwa ulipotulia. Sisi tunasimulia yaliyotokea. Hukumu tunaliachia Kanisa.

Baada ya hapo parokia ilimpa chumba kikavu chenye madirisha, na Kiplangat akachonga mabenchi mafupi. Kwa miaka miwili iliyofuata Nyaruai aliishi kwa furaha isiyofichika. Alifariki Jumanne moja ya Agosti 2007, ameketi, baada ya mtoto wa mwisho kuchukuliwa.

Enyi waamini, hakuhubiri mimbarani wala hakuvuka bahari. Alisikia kilio cha jirani, akakaribia. Tumwige katika hilo, maana mama kibarua hahitaji kwanza mashauri yetu, anahitaji mikono ya kupokea mtoto wake. Akina mama walijifunza hivyo kwake. Asubuhi baada ya kifo chake, ghala lilifungua milango kama kawaida, nao hawakuwa na budi kwenda. Nakhungu alibaki, akawasha jiko, akapokea watoto wote. Siku ile hakuna hata mmoja aliyeachwa peke yake.