Mota ya Treni ya Baba

Baba yangu haoni tena. Naliandika hilo kwanza, maana kila nikianza kusimulia habari ya treni, watu hudhani nasimulia mchezo.

Ugonjwa ulimwanzia pembeni. Hapa kwetu tunauita presha ya macho. Jicho haliumi wala haliwashi, linafungwa tu kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Yeye mwenyewe alikuwa wa mwisho kukubali. Aligonga bega mlangoni akalaumu mlango. Akamwaga chai ya mama akalaumu kikombe. Daktari alipompima kwa mara ya pili, alimwambia kwamba kilichokwisha kufungwa hakifunguki, na kwamba matone yangechelewesha tu kufungwa kwa kile kilichobaki. Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani nikamuuliza anaonaje. Akakunja ngumi, akaacha tundu dogo katikati ya vidole, akaiweka jichoni na kunielekea.

"Niko nakuona weye, mama. Bengine bote beko inje."

Wengine wote, yaani, walikuwa nje ya tundu. Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

Sisi ni watu wa reli. Babu alitengeneza njia huko kaskazini, upande wa Kongolo, na baba akawa dereva wa treni za mizigo kati ya Lubumbashi na Kamina. Sikuwahi kumwona kazini. Nilichokuwa nacho ni picha moja iliyofifia: amesimama kwenye ngazi ya kichwa cha treni cha rangi ya njano, na nyuma yake mabehewa yamejaa mawe. Treni hiyo ndiyo niliyotaka aione tena kabla tundu halijafungwa. Kwamba nilikuwa naijenga, nyumba nzima ilijua. Kwamba nilikuwa nashindana na jicho lake, sikumwambia mtu. Mimi huogopa kuahidi.

Niliijenga kwa matofali ya plastiki, yale madogo ya watoto yanayobanana moja juu ya jingine. Sokoni huuzwa kwa kopo, yakiwa yamechanganyika na wanasesere wasio na vichwa na vijiko vya rangi. Niliyaosha kwa mswaki mmoja mmoja. Nikatenga njano iliyochomwa na jua mbali na njano ambayo haijachomwa. Mara kadhaa nilikibomoa kichwa cha treni chote kwa sababu tofali moja la ubavuni lilikuwa limepauka kidogo kuliko wenzake, na hakuna mtu mwingine aliyeliona. Najijua. Niliacha masomo ya chuo kikuu, pale Kasapa, kwa sababu sikuweza kumkabidhi mwalimu mchoro ambao mstari wake mmoja ulitetemeka. Habari za umeme na gia nimejifunza mwenyewe, kwenye simu, nikirudisha video nyuma mpaka mega za intaneti zinakwisha.

Kichwa kilipokamilika, kikabaki bila moyo. Nikaenda soko la mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, kwa fundi wa redio aliyekuwa na katoni nzima ya mota zilizong'olewa kwenye vitu vilivyokufa.

"Mama, unatafuta moteri ya nini?"

"Ya treni."

Akawageukia mafundi wenzake. "Munasikia? Treni ya kweli tunaingojaka mpaka tunazeeka, huyu anajitengenezea yake!"

"Ni ya papa yangu."

"Papa yako iko mutoto?"

Wakacheka wote. Nikacheka nao, huku viganja vikinilowa jasho, kama vinavyolowa kila watu zaidi ya wawili wakiniangalia. Lakini fundi hakuwa mtu mbaya. Alichukua betri, akawa anagusisha nyaya za mota moja baada ya nyingine ili nizisikie. Ya redio ya kaseti ililia kama mbu. Alipobana mhimili wake kwa vidole viwili ikanyamaza. "Hii haivute kitu," akasema, akairudisha. Ya pili ilikuwa mota ya treni ya kuchezea hasa, nyeusi, imefichwa kati ya magurudumu yake yenyewe. Nilipoiona tu nilijua itaingia chini ya kichwa changu bila kuonekana. Ya tatu ilitoka kwenye gari la mtoto lililovunjika: ndefu, nene, ndani imejaa gia. Ilizunguka taratibu ikikoroma kama mtu mwenye mafua.

"Hii iko mupole," akasema fundi. "Nguvu iko nayo ya ng'ombe, lakini iko mupole."

Nilizichukua hizo mbili, nyeusi na nene. Nyumbani nikapima ile nene kwa rula: ilikuwa pana kuliko kichwa chenyewe. Kuiweka kulitaka kubomoa mbavu zote mbili na sehemu ya paa. Nikaitia sandukuni.

Ile nyeusi tuliijaribu pamoja, mimi na baba, mezani, kwenye kipande cha reli iliyonyooka kisichozidi urefu wa mkono. Kwa watu wa reli kuna swali moja la kwanza, na hakuna anayekumbuka kufundishwa kuliuliza. Mtu akija kwetu akasema ameona treni, baba atamuuliza ilivuta nini. Treni inayotembea tupu ni aibu ya familia nzima. Kwa hiyo mabehewa manne niliyoyajenga yalijazwa malakiti ya kweli, vipande vya kijani vya mawe ya shaba ambavyo baba amevihifadhi miaka yote katika kopo la maziwa.

"Inavuta wagoni ngapi?"

"Mbili, papa."

"Ongeza."

Behewa la tatu likayashinda magurudumu ya kichwa, yakateleza pale pale. Nikayavisha pete za mpira, nikatia nati za chuma ndani ya kichwa ili kiwe kizito. Nikafungulia umeme wote. Kikaruka, kikayavuta mabehewa yote manne mpaka ukingoni mwa meza, ambako nilikidaka. Baba akajipiga paja.

"Ile njo masini!"

Hiyo ndiyo mashine, na tukaridhika. Hatukuuliza kitu kingine, yeye wala mimi.

Jumapili, baada ya misa, nilitandaza reli sebuleni kwa duara, juu ya simenti nyekundu ambayo mama huisugua mpaka ing'ae. Baba aliketi kwenye kiti chake. Alikuja pia jirani yetu, mzee aliyewahi kuwa kondakta katika treni za abiria. Nikabonyeza swichi. Treni ikatoka na mawe yake, ikazunguka, ikazunguka, bila kuteleza na bila kuachana, na mbavu zake za njano zilikuwa zimenyooka kama ukuta wa kanisa. Jirani alijishika kichwa.

"Eh! Siku zetu ingekimbiaka vile, tungefika Kamina mbele ya kuondoka!"

Wote wakacheka. Baba alicheka kuliko wote, akapiga makofi. Nami nilikuwa namtazama yeye badala ya treni, kwa sababu nilikuwa nasubiri kitu usoni pake. Macho yake yalikuwa yameelekea mahali ambapo treni ilikuwa imeshatoka. Yakahama, yakafika mahali pengine ambapo imeshatoka pia. Kisha yakaacha kuhama, akabaki anatabasamu mbele yake tu.

Tulipokuwa tunaosha vyombo, mama alisema bila kugeuka, "Papa yako hakuione ile treni."

"Alipiga makofi, mama."

"Alipiga juu ya weye, hapana juu ya treni."

Nilimfuata baba uani. Nilitaka anikanushie. "Papa, treni uliiona?"

"Ilikuwa napita mbio, mama. Ninaona njano, kisha simenti. Njano, kisha simenti." Akanitafuta mkono, akaupata. "Lakini inavuta. Inavuta muzuri."

Nikarudi ndani nikapunguza umeme. Mota nyeusi ikanguruma na kukataa kuondoka: chini ya mzigo ule ilijua kukimbia au kusimama, basi. Nikatoa mawe. Hapo ikaenda pole, kwa kurukaruka, na mabehewa matupu yakawa yanalia kama bati. Baba akaita kutoka uani.

"Unapeleka tupu?"

Nikazima.

Jibu lilikuwa sandukuni na nililijua. Ile nene ingevuta mawe yote kwa mwendo wa mtu anayetembea nyuma ya jeneza. Hata hivyo sikuitoa. Nilijiambia kwamba nitakijenga kichwa upya, kipana zaidi, kwa vipimo vilivyo sawa. Nikaanza kwenda sokoni kila nipatapo nafasi kutafuta njano inayolingana. Nilileta makopo ya matofali, nikayaosha, nikayashindanisha dirishani, nikayakataa. Baba akaanza kutafuta kijiko mezani kwa kupapasa. Akaacha kwenda dukani peke yake. Nililiona hilo, na kila nilipoliona niliosha matofali kwa bidii zaidi.

Alasiri moja mama alinikuta nimeinama juu ya beseni.

"Unangoja nini?"

"Rangi haijalingana."

"Rangi." Alilitamka neno hilo kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. "Macho ya papa yako hayangoje rangi."

Akaenda zake. Nikafuta mikono, nikakiweka kichwa cha treni mapajani, nikaanza kukibomoa.

Sitasema nilikuwa jasiri. Niling'oa ubavu wa kushoto, kisha wa kulia, kisha paa, mpaka mota ikaingia, ikawa imechomoza pande zote mbili kama mgonjwa aliyelazwa kwenye kitanda kifupi. Niliifunga kwa ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli. Nyaya zilibaki nje. Kilikuwa kitu kibaya kabisa, nami nilitamani kukifunika kwa kitambaa kabla ya kukipeleka sebuleni.

Baba nilimketisha kwenye kigoda, ndani ya duara lenyewe, reli ikimzunguka. Mama alisogeza meza na kukaa. Hatukumwita jirani. Nikapakia mawe, nikabonyeza.

Mota ikakoroma. Kichwa kikasogea, mnyororo wa kwanza ukakaza, behewa la kwanza likafuata, kisha la pili, kila moja likiamshwa na lililo mbele yake. Baba aliinamisha shingo. Aliitafuta treni kwa tundu lake, akaikosa, akaitafuta tena. Halafu kichwa chake kikaanza kwenda nayo. Polepole, kwa mwendo ule ule. Kilipofika mwisho wa bega akageuka na kigoda chote, na mama akainuka kumshika asianguke.

Treni ikamaliza duara ikaanza jingine. Nilikuwa nimeanza kuomba radhi moyoni, kwa ajili ya nyaya, kwa ajili ya ule mpira, ndipo baba akanyoosha kidole.

"Wagoni ya tatu."

"Iko na nini, papa?"

"Gurudumu ya nyuma iko naruka. Unaona? Pale. Na pale tena."

Nikapiga magoti. Nililikagua gurudumu hilo nilipolifunga, na nililikagua tena baadaye, sikuona kitu. Sasa nililiona: mhimili ulikuwa umepinda kidogo mno, na kila zamu gurudumu lilijiinua juu ya reli, kiasi cha unene wa kucha. Siku nyingine yoyote, mtu kuona kosa katika kazi yangu kungeninyima usingizi. Lakini baba alikuwa ameliona; nilijifunika mdomo kwa kiganja ili mama asinisikie nikilia.

Kisha mazoea yakanishinda, nikapeleka mkono kwenye swichi ili nilitoe behewa niunyooshe mhimili. Baba akanishika kifundo cha mkono. Hakuniangalia, jicho lake lilikuwa kwenye gurudumu.

"Leka. Usiisimamishe. Leka ipite tena."

Nikauondoa mkono. Treni ikaenda ikapotea nyuma ya sketi ya mama, na baba, shingo imenyooka, akahamishia macho upande wa pili, akaingoja.