Sahani Iliyorudi Tupu

Hadithi hii hakuna atakayeisadiki, na asiyetaka kuisadiki ruhusa, aende zake akanywe kahawa. Ilishasimuliwa Wattaya, kwenye kivuli cha duka la magari, mbele ya wazee wenye akili zao, na mmoja wao akaaga kwamba anakwenda kununua maji, hakurudi mpaka leo. Lakini ni kweli tupu. Mwaka 2008, mwezi wa Ramadhani, kompyuta ya Bi Kheiria binti Zahor wa Al Khoudh ilikuwa ikigawa sahani kwa watu, usiku na mchana, na mwenyewe hana habari.

Msicheke. Kwanza mumjue mwenyewe.

Kheiria alitoka Unguja akaja huku Uarabuni angali msichana wa misuko miwili. Miaka ya tisini ilimkuta ni opereta wa simu katika ofisi moja ya serikali, Khuwair ya Kusini. Mbele yake bodi iliyojaa vitaa, na kila kitaa ni mtu. Wakubwa aliwajibu kwa Kiarabu kilichopigwa pasi, Wahindi wa hesabu kwa Kiingereza, na shoga zake kwa Kiswahili cha sauti ya chini. Kanuni yake ilikuwa moja: taa ikiwaka, kuna mtu kwenye laini. Siku moja mkubwa mmoja alimwambia, "Taa ile mbovu, Kheiria, hapana mtu pale." Kheiria akatia sikio, akasema, "Yupo, bwana. Tena anakusengenya wewe."

Basi mwanamke wa namna hiyo, ukimwambia amekosea, jitayarishe.

Jirani yake ukuta kwa ukuta ni Bi Rahila. Walijenga mwaka mmoja, wakagombana na fundi mmoja, wakapanda miti ya mikungu kila mtu upande wake. Mume wa Kheiria alipofariki, Rahila alikuwa akija kila siku ya eda yote, analeta mswala wake na mazungumzo yake, mpaka Kheiria akajifunza tena kucheka. Shoga kama huyo humwokoti sokoni.

Kheiria alipostaafu, binti yake Buthaina, aliyekuwa akisoma Malaysia, alimwachia kompyuta ya mezani na modemu ya intaneti ili waonane kila Alasiri. Kheiria akaitia kitambaa cha kufuma, ikakaa sebuleni kama bibi harusi. Na kwa kuwa mwezi ule kila nyumba ilishikwa na musalsal wa Kituruki, mchezo wa televisheni, ule wa watu wazuri wanaolia kwa Kiarabu cha Kishami, na yeye akawa anakosa vipande kwa ajili ya tarawehe, asubuhi alikaa kwenye kompyuta akivitafuta.

Akavipata. Ukurasa ukamwambia: kabla ya kutazama, kubali kwanza chombo chetu kidogo. Chini yake maandishi membamba, mengi, kama chawa. Nani anasoma yale? Kheiria akabonyeza "Nakubali", na picha ikaja nyororo, haikwami hata pale yule bibi wa musalsal anapozimia.

Siku chache baadaye Buthaina akaanza kulalamika.

"Mama, mbona sauti inakatikakatika? Umo ndani ya mtungi?"

"Mtungi wa nini? Nimo sebuleni."

"Mama? Mama, sikusi..."

Ikakata. Kheiria akageuka akaitazama modemu. Vitaa vinacheza kama harusini. Musalsal ameshaufunga tangu asubuhi. Nyumbani hamna mtu ila Dativa, msichana wake wa kazi wa kutoka Bukoba, naye yuko jikoni anakanda unga wa sambusa. Taa inawaka. Basi kuna mtu kwenye laini.

Nani? Akatazama dirishani. Ng'ambo ya ukuta, chini ya mkungu, Yassin mtoto wa Rahila amejikunja na laptopu mpya, haipiti wiki tangu kununuliwa.

"Kumbe!" akasema Kheiria. Alishasikia kuwa wayalesi haina mlango, mtu hukaa kwake akavuta intaneti ya mwenziwe kwa hewa tu.

Mtu mwingine angekwenda kuuliza. Kheiria hakuuliza. Alichofanya, wenyeji watakielewa. Kila Alasiri ya Ramadhani huvuka sahani kati ya nyumba hizi mbili, imefunikwa kawa: leo mkate wa kumimina kwa Rahila, kesho katlesi kwa Kheiria. Na sahani ya mtu hairudi tupu, hata kama umebaki na tende tu. Siku ile Kheiria akaiosha sahani ya Rahila, ile ya Kichina yenye ua la buluu, akaifuta ikang'aa, akampa Dativa. Tupu.

Dativa akaitazama, akamtazama mama mwenye nyumba.

"Mama, umesahau kutia kitu."

"Sijasahau."

"Jamani, mama! Nikiipeleka hivi hivi watajua kuna ugomvi."

"Ndivyo nnavyotaka wajue."

"Basi hata limau, mama. Limau moja tu."

"Dativa!"

Dativa akaenda, anatembea kama aliyebeba bomu. Akarudi mikono mitupu. Bi Rahila aliipokea, akaigeuza juu chini, akaingia nayo ndani. Kesho yake haikuja sahani. Kesho kutwa vilevile. Na Kheiria, ingawa hakumwambia mtu, kila ikikaribia Alasiri masikio yake yalikuwa mlangoni. Aliketi mbele ya futari yake akaona meza pana kama uwanja wa ndege. Alikuwa ameshinda vita na hakuna wa kumsimulia, kwa sababu mtu anayemsimulia mambo yake yote ndiye huyo aliyempiga.

Hapo ndipo alipoingia ami yake. Huyu ami si mtu wa mchezo. Alisoma mpaka darasa la sita, yaliyobaki akayamalizia kwa akili yake mwenyewe, na hapajatengenezwa mashine ambayo hajaifungua. Zilizofungika tena ni habari nyingine. Alikuja kufuturu, akatupa jicho mezani.

"Mkate wa kumimina wa Rahila uko wapi?"

"Hatusemi naye."

"Hamsemi naye nyinyi. Mkate una kosa gani?"

Kheiria akamweleza. Ami akacheka, halafu akaona si wakati wa kucheka, akakohoa. "Dawa yake ndogo," akasema. "Nyuma ya modemu pana kitufe cha wayalesi. Kizime, utumie waya peke yake. Mwizi atabaki na laptopu yake kama sinia."

Wakakizima. Kheiria akaketi kifua mbele, anangoja taa zilale.

Hazikulala. Zinacheza vilevile.

"Yassin ameingia na waya?" akauliza ami.

Uso wa Kheiria ulikuwa umebadilika. Ulikuwa uso wa bodini, wa zile siku anazotafuta laini iliyokwama. Akanyoosha mkono, akauchomoa waya unaotoka kwenye kompyuta. Taa zikatulia. Akauchomeka. Zikaanza. Akauchomoa tena.

"Ami," akasema polepole, "mtu yumo humu humu ndani. Anapiga simu kutoka kwangu."

Ami, kwa ushujaa wake wote, alisogeza kiti nyuma kidogo. "Jini," akasema. "Au serikali."

"Jini gani anaongozwa na waya? Nyamaza nitazame."

Buthaina alishamfundisha kuifungua orodha ya programu zinazofanya kazi ndani ya kompyuta. Kheiria akaifungua, akaipitia kama alivyokuwa akipitia majina ya ofisi nzima. Huyu namjua. Huyu namjua. Huyu ni wa kuchapisha. Huyu nani? Jina refu, herufi na tarakimu, halina mama wala baba. Akaliua. Taa zikanyamaza, na waya umechomekwa.

Akafungua musalsal. Jina likarudi, taa zikacheza. Akaufunga musalsal. Jina likabaki palepale, taa zinaendelea. Mgeni kaitwa na sinema, sinema imekwisha, mgeni haondoki!

"Muue tena," akasema ami, aliyekwisha kurudi mbele sasa.

"Nishamjua mlango anaoingilia. Nataka kujua anazungumza na nani."

Akarudi kwenye ule ukurasa, akavaa miwani, na kwa mara ya kwanza akayasoma yale maandishi ya chawa. Alisoma kimya. Kisha akaanza kutikisika mabega, ami akadhani analia.

"Soma kwa sauti, bibi wee!"

"Wanasema, kila anayetazama hupokea vipande kutoka kwa waliotazama kabla yake, wote wapate upesi. Na yeye vile alivyovipokea, kompyuta yake huvishika, huwagawia wengine, hata akishafunga. Na mimi nimekubali, Ami! Nimebonyeza mwenyewe!" Akavua miwani. "Inapeleka sahani. Imekula kwa watu, inawarudishia watu."

Kicheko kikamkatikia njiani. Akautazama ule mlango aliotokea Dativa na sahani ya ua la buluu. Mashine, kitu cha nyaya, imepokea na imerudisha. Na yeye Kheiria, aliyekaliwa na shoga yake eda nzima, amerudisha sahani tupu kwa jambo ambalo hakuliuliza.

Kesho yake, kabla ya Magharibi, hakumtuma Dativa. Alipika mwenyewe mkate wa kumimina, na hiliki akaongeza, akaufunika kawa, akavuka mwenyewe. Nyumbani alimwacha ami yake, ameshafika kufuturu.

Rahila alifungua, akaitazama sahani, hakumtazama yeye.

"Umepotea njia?"

"Nimekuja kukutaka radhi, shoga."

"Wewe? Hebu iweke chini hiyo sahani kwanza, isije ikaanguka kwa mshangao."

Kheiria akasema yote, hakujificha: taa, ukuta, Yassin, sahani. Rahila akasikiliza, mikono kiunoni.

"Yassin! Laptopu ya Yassin haina intaneti hata tone. Ina mpira tu. Anacheza mpira mchana kutwa na jasho halimtoki!"

"Nisamehe."

Rahila alimshika mkono, akamvuta mpaka sebuleni kwake. Kwenye kona, kompyuta yake na modemu, na vitaa vinacheza kama harusini.

"Wiki nzima namwambia Yassin, Kheiria ananyonya laini yangu," akasema Rahila. "Ilipokuja sahani tupu nikasema, angalia huyu, mwizi na tena mkali!"

Kheiria akazitazama taa, akamtazama shoga yake.

"Rahila. Unatazama nini humu?"

Rahila akatazama pembeni. "Ule ule."

"Ukabonyeza nakubali?"

"Nani anasoma yale?"

Walicheka mpaka wakashikana, mpaka Yassin akatoka kuuliza nani amekufa. Adhana ikawakuta wamekaa chini, mkate umehamia kwenye sahani ya ua la buluu katikati yao, wanapigania ukoko.

Sasa hapa ndipo pasiposadikika. Mnadhani vile vipande vilikwenda mbali? Vilikuwa vikivuka ukuta, vya Kheiria kwa Rahila, vya Rahila kwa Kheiria, na ami yake, aliyekuwa amesimama pale pale ukutani, aliviona kwa macho yake mawili vikipita hewani, kimoja kina sura ya yule bibi anayezimia, akakidaka kwa mkono wa kulia, kingali cha moto, akakipasua katikati, na ndani yake mlikuwa na hiliki na...

"Ami! Ndiyo unayoyaandika hayo?" akapiga kelele Kheiria, anasoma begani kwangu. "Ukutani ulisimama lini? Ulikuwa umelala kwenye kochi langu, mdomo wazi, na katlesi umeikumbatia unangoja adhana!"