Programu Niliyoifunga Mbele ya Mchungaji

Katika ofisi yetu ya kanisa, Butembo, wakati wa vita, programu ya barua pepe haikufungwa hata Jumapili. Kompyuta ilikaa ikiwaka kwa betri za paneli ya jua. Sababu ilikuwepo: tuliwahi kuifunga, ikakataa kufunguka juma zima, mpaka fundi akaja kutoka Beni. Tangu hapo mchungaji, mkuu wetu, alipiga marufuku.

Asubuhi hiyo insulini ya baba yangu ilikuwa imebaki chini kabisa ya kichupa. Ndege ndogo ingetua Rughenda, kiwanja chetu, kesho yake, na wenye ndege, ng'ambo ya mpaka, walitaka waandikiwe kabla ya adhuhuri ili wapakie dawa. Nikaandika. Ujumbe ukakwama. Waliotupitishia barua walikuwa wamehamisha mitambo yao, na mipangilio yetu ya zamani haikufaa tena.

Fundi alinisomea mipya kwa phonie, redio yetu ya kuongea na Beni, herufi kwa herufi, huku waasi na nusu ya mji wakisikiliza. Nadhani nenosiri letu lilijulikana hadi Mutwanga.

“Mama, ukimaliza kubadilisha, funga programme, kisha ufungue tena,” alisema. “Pasipo ile, haitafanya kitu.”

Mchungaji alikuwa amesimama nyuma yangu.

“Hapana funga. Ikikatala kufunguka, nani atatengeneza? Fundi iko Beni na barabara imekatika.”

“Pasteur, ujumbe wa baba iko mule ndani. Haitoke.”

“Tungoje kwanza.”

Tungoje nini? Nilikuwa nimechoka kukatazwa. Shambani tusiende, sokoni tusichelewe, kwenye vizuizi vya barabarani tusipite. Wale walionikataza walikuwa na bunduki; huyu alikuwa na miwani tu, na hofu yake, ambayo hata mimi nilikuwa nayo. Lakini hofu yangu ilikuwa na baba ndani yake.

“Nisamehe, pasteur,” nikasema, na sikumaanisha. Nikafunga.

Kioo kikabaki kitupu. Nikabonyeza ili ifunguke. Haikufunguka mara moja, na mchungaji akaanza kusema, “Mais mama, nilikuambia…” Nikamwomba anyamaze. Programu ikafunguka polepole, ikauliza nenosiri, na ujumbe wangu ukaondoka. Mchungaji akatoka nje. Sikumfuata kumbembeleza.

Kesho yake dawa ikashuka Rughenda katika kisanduku cha baridi. Nilipofika nyumbani, baba alikuwa amekwisha kusikia habari zote; Butembo haifichi kitu.

“Kama ingekatala kufunguka?” aliniuliza.

“Dawa haingefika, baba.”

“Na ulifunga tu.”

“Nilifunga.”

Akapandisha shati, akanionyesha tumbo.

“Basi toboa.”

Nikavuta dawa kwenye sindano. Hapo ndipo hofu iliponipata; nikaisogeza tumboni, nikairudisha. Baba akaushika mkono wangu, tukachoma pamoja.