Picha Iliyotoweka Juu ya Visima vya Eldas

Weris Alio alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya msingi mjini Garissa, na kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiandika blogu. Aliiita Visima vya Eldas. Kila Ijumaa mchana aliandika habari za kisima kimoja cha kwao Eldas: nani alikichimba, maji yake yana chumvi kiasi gani, nani alikufa akikizibua. Habari hizo alizipata kwa simu kutoka kwa shangazi zake, na shangazi hao walikuwa wakipungua.

Ndugu zake hawakuisoma. Wengine walitaka Kisomali, wengine Kiingereza. Yeye aliandika Kiswahili kwa sababu ndicho alichokiandika vizuri. Aliachika zamani, hakujaliwa mtoto, na aliishi peke yake katika vyumba viwili mtaani Galbet.

Juu kabisa ya blogu kulikuwa na picha ndefu, nyembamba: wanawake watano wakivuta maji kwa kamba, na nyuma yao ngamia ndani ya vumbi. Aliyeipiga ni Ikran, rafiki yake wa chuo cha ualimu. Blogu waliianzisha pamoja, Weris akiandika, Ikran akishughulikia mambo ya kompyuta. Baadaye Ikran aliolewa, akaacha ualimu, akafungua duka la nguo Nairobi.

Jumamosi moja Weris alifungua blogu ili asahihishe neno. Pale juu palikuwa peupe, na katikati kialama kidogo cha picha iliyopasuka. Alidhani ni mtandao. Alizima kompyuta, akaiwasha. Alijaribu kwa simu. Peupe vilevile.

Hakuhangaika kuirekebisha. Aliamua kungoja aone nani atakuwa wa kwanza kumwambia.

Jumapili ikapita, na Jumatatu. Jumanne, wakati wa chai, alimgeukia Mwalimu Bishara, aliyekuwa akikaa naye meza moja.

"Siku hizi unaipitia blogu yangu?"

"Naipitia sana, abaayo, dada yangu. Hata jana."

"Umeionaje?"

"Nzuri. Ile picha ya ngamia pale juu inapendeza."

Weris alikunywa chai yake, akauliza habari za mitihani.

Alhamisi alichoka kungoja. Aliingia kwenye mipangilio ya blogu, mahali ambapo hakuwahi kugusa, akatafuta picha ilikotoka. Ilimchukua muda kuelewa. Picha haikuwa ndani ya blogu hata kidogo. Kilichokuwamo ni linki tu, na linki hiyo ilielekea kwenye albamu ya Ikran mtandaoni. Miaka yote hiyo blogu ilikuwa ikiazima. Alipoibofya, maandishi yalimwambia kwamba ukurasa huo haupo tena.

Alimpigia Ikran. Walisalimiana kwa kirefu, wakaulizana afya na mvua.

"Ile albamu yako ya picha," Weris alisema, "imefungwa?"

"Niliifunga wiki iliyopita. Ilijaa mambo ya kale tu. Kwani?"

"Picha ya blogu yetu ilikuwa humo."

Nyuma ya Ikran ilisikika sauti ya mteja akiuliza bei ya dera.

"Blogu? Bado iko?"

"Iko."

"Subhanallah. Samahani, walaal, ndugu yangu. Sina nakala. Ngoja nimhudumie huyu, nitakupigia."

Hakupiga. Weris alikaa na simu mapajani mpaka adhana ya magharibi, akasali, kisha akarudi kwenye kompyuta na kuanza kupekua barua pepe za zamani, mwaka baada ya mwaka. Aliikuta picha alipokuwa amekwisha kata tamaa, imeambatishwa kwenye barua ya Ikran yenye mstari mmoja: "Chagua sehemu ya kukata, wewe ndiye mwenye macho."

Ilikuwa picha nzima, kabla haijakatwa. Chini, kwenye mchanga, vilionekana vivuli viwili vya wasichana waliosimama bega kwa bega, mmoja ameinua mikono kushika kamera. Weris alikuwa amesahau kwamba alisimama pale. Alivitazama mpaka kioo cha kompyuta kikazima chenyewe.

Nafasi ya juu ilitaka picha nyembamba. Akivibakiza vivuli, vichwa vya wanawake vilikatika. Alijaribu mara tatu, mara ya nne akaviondoa vivuli. Safari hii hakuweka linki. Aliipakia picha yenyewe ndani ya blogu, akahifadhi, akafungua upya. Wanawake watano walikuwa wamerudi, na kamba yao.

Ijumaa asubuhi alikuta maoni chini ya habari za kisima cha wiki iliyopita. Mwandishi alijitambulisha kama Yarrow, dereva wa lori, Mandera.

"Mwalimu, picha imerudi. Mimi nilifikiri simu yangu ndiyo imeharibika, nikaipeleka kwa fundi."

Weris aliyasoma akiwa amesimama, buibui mkononi, akichelewa kazini. Aliketi tena. Alimwandikia kwamba simu yake ni nzima, kwamba kosa lilikuwa huku, kisha akamuuliza ananywa maji ya kisima gani akipita Eldas.

Siku hiyo hakujibiwa, wala wiki iliyofuata. Huenda alikuwa njiani. Ijumaa ilipofika tena, mchana Weris alifunga dirisha kuzuia vumbi, akampigia shangazi yake Abshiro, akamwomba aanze na jina la aliyekichimba kisima cha wiki hiyo.